Uzuri wa Nyumba ni wa Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeletewa suala na kijana mmoja wa Malindi, mtu wa swala na wa kazi ya halali. Baba yake amefariki na ameacha nyumba ya mawe ya kizamani, naye ataka kuitengeneza upya. Amekusudia kuvunja baraza ya nje ili apate nafasi ya lango la chuma. Kupiga simiti kuta zote. Kuziba vidaka vya ukumbini. Kushusha dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Na kununua makochi makubwa ya sebule. Gharama ni nyingi. Ametokea mnunuzi autakaye mlango wa mbele, mlango wa nakshi, apate kuutia katika jumba la kifahari la ufuoni. Fedha za mlango zatosha kumaliza kazi yote. Atuuliza: katika haya kuna lililo haramu? Na je, si jambo jema mtu kuwa na nyumba ya kuwapendeza wageni?

Suala hili si lake peke yake. Kutoka Mambrui hata Takaungu hukosi mtu aliyeshika nyundo, na kila mmoja asema anatengeneza. Kwa hiyo twaona yafaa tujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, lazima tuwe waadilifu katika hukumu. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Jipsamu si haramu, wala kochi si haramu, wala rangi ya ukuta haina dhambi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf amewakemea wale waliojiharimishia pambo alilowatolea waja wake. Na katika Sura hiyo hiyo, kabla ya aya hiyo, amekataza israfu. Mambo mawili hayo yamewekwa jirani ili mtu asishike moja akaacha la pili. Asiyependa uzuri asijidai kuwa ni mcha Mungu kwa sababu hiyo, na aupendaye asijidai kwamba kila akinunuacha ni neema aliyoamrishwa kuidhihirisha.

Basi ikiwa pambo ni halali, suala lililobaki ni hili: pambo hili ni la nani? Lamtumikia nani? Hapo ndipo penye mizani.

Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirejea safari akakuta Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ametundika pazia lenye sura. Akalichukia, akaliondoa. Katika riwaya moja akaeleza kwamba hatukuamrishwa kuyavika nguo mawe na udongo. Wanachuoni wamezungumza sana juu ya sura zilizokuwamo, na mazungumzo hayo yana mahali pake. Lakini ndugu msomaji, tazama na mwisho wa kisa. Kile kitambaa hakikutupwa. Bibi Aisha alikikata akafanya mito, na Mtume akaiegemea. Kitambaa ni kile kile, na nyumba ni ile ile. Kilipokuwa ukutani kilikuwa cha kutazamwa, na kilipokuwa chini kikawa cha kumpumzisha mtu. Twaona humo mna elimu nzima ya kupamba nyumba kwa mwenye kuzingatia.

Imepokewa pia kwamba alihesabu matandiko: la mume, la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Mgeni ametajwa katika hesabu ya lazima, kabla ya kufika penye kuzidi. Na alipotajwa Nabii Ibrahimu na wageni wake katika Sura ya Adh-Dhariyat, hatukuelezwa nyumba yake ilikuwa na pambo gani. Tumeelezwa alivyoondoka polepole akaenda kwa ahali yake, akarudi na ndama aliyenona, akamsogeza mbele yao.

Kwa mizani hiyo na tuitazame nyumba aliyoiacha marehemu, tuone ni kipi ndani yake kilichokuwa cha kutazamwa na kipi kilichokuwa cha kutumikia.

Baraza ya nje ni benchi la mawe na chokaa, halina bei sokoni. Lakini ndiyo sehemu ya nyumba ambayo mwenye nyumba ameitoa kwa watu wasiokuwa wake. Mpita njia aliyechoka huketi bila ya kubisha hodi. Mzee atokaye msikitini hupumzika hapo. Mgeni asiyejulikana husubiri hapo mpaka ajulikane, na wanawake waliomo ndani hawasumbuliwi katika sitara yao. Amri ya Sura ya An-Nur, ya kutaka idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia, wazee wetu waliijengea mahali kwa mawe.

Na mambo haya ni ya zamani katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao, na milangoni mwake visima, na mikeka minene ya kufutia miguu iliyokwisha kuoshwa. Hakusema juu ya dhahabu wala hariri katika misikiti hiyo. Lililomkaa moyoni hata akaliandika ni maji na mkeka mlangoni.

Tukiingia ndani, vidaka vya ukutani viliweka msahafu, taa na vyombo bila ya kabati la kununua. Vyumba vilikuwa vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa. Dari iliwekwa juu ili joto lipande. Na ua wa kati uliachwa wazi upate kuingiza hewa na mwanga. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupaka simiti unaufungia unyevu ndani. Baada ya masika chache chumvi hutokeza, rangi hubanduka, na mwenye nyumba humlaumu fundi. Kisha dari ikishushwa na ua ukizibwa, joto hubaki chini, ikabidi inunuliwe mashine ya kupoza. Huko ni kulipa mara mbili: kulipa kwa kuufukuza upepo, na kulipa kwa kuurudisha.

Huenda msomaji akatujibu: "Nyinyi masheikh mwaisifu baraza, nasi twaijua. Hukaa hapo wavivu wakasengenya, wakatafuna miraa, na mwanamke hawezi kupita." Jawabu hili lina haki yake, wala hatulikatai. Masahaba nao waliambiwa wajihadhari na kukaa njiani. Wakasema hawana budi na vikao vyao. Hapo Mtume hakuvunja vikao. Aliwaamrisha wape njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi baraza iliyoharibika dawa yake ni mwenye nyumba kukaa hapo mwenyewe na kuitengeneza kwa adabu. Aliyeivunja hakuwaondoa wasengenyaji. Amewahamishia kwenye baraza ya jirani, na mzee wa watu amekosa pa kupumzikia.

Wala sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Chumba chetu cha darasa kilipotengenezwa tulishughulika na zulia, na rangi, na makabati ya vioo ya vitabu. Tuliinua sakafu tukaweka ngazi mpya, na watu wakasifu. Alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akihudhuria kwa miaka mingi, na magoti yake hayakuweza ngazi zile. Aliketi nje jioni mbili. Jioni ya tatu hakuja. Hatukuuliza mpaka tuliposikia ni mgonjwa. Tulipomzuru akatuambia kwa upole: "Chumba chenu kimekuwa kizuri, lakini si changu tena." Hatukuwa na la kujibu. Tumekwisha kujenga njia ya mteremko kando ya ngazi, lakini yeye hakuwahi kuipita. Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe na sisi.

Tuje sasa kwenye mlango, na hapa hatusemi nasaha tu, twasema hukumu. Kijana wetu ametuandikia "mlango wangu". Tulipomuuliza, tukajua kwamba marehemu ameacha mjane, na mwana mmoja ambaye ndiye yeye, na mabinti wawili walioolewa. Hakuna mrithi mwingine. Basi baada ya deni na wasia, mali yote, na mlango ukiwamo, ni mafungu 32. Mama ana thumni, yaani mafungu 4. Yeye ana mafungu 14. Kila dada ana mafungu 7. Mwanetu, katika kila shilingi 32 za mlango huo zako ni 14, hazifiki nusu. Zilizobaki ni za wanawake watatu ambao hukuwataja hata kwa neno moja katika barua yako.

Ni ada mbaya iliyokita mizizi katika miji yetu, kwamba mabinti wakiolewa huhesabiwa wametoka katika nyumba ya baba yao. Sura ya An-Nisaa haikusema hivyo. Dada akinyamaza kwa haya, au kwa kuogopa kukatwa na nduguye, kunyamaza huko si ridhaa. Kwa hiyo kuuza mlango bila ya idhini yao ni kula mali ya watu kwa batili, na kuvunja baraza ni vivyo hivyo. Kochi lililonunuliwa kwa fedha hizo mgeni atalikalia, lakini chini yake pana haki ya mtu.

Iko na sheria ya nchi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imeuhesabu mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa ni kitu cha kulindwa. Muislamu hutimiza ahadi za nchi anayokaa. Mwenye mlango kama huo aende kwanza akaulize kwa watu wa makumbusho, kabla mnunuzi hajaleta gari usiku.

Na je, wakiridhia warithi wote, na sheria ikaruhusu? Hapo bei ni halali, wala hatuwezi kuharimisha. Lakini twamuomba afikiri jambo moja. Yule tajiri ataka mlango huo kwa nini? Kwa sababu amejenga jumba jipya na ataka lionekane kuwa na asili, na kuwa na ukarimu wa kale. Yeye anunua sura ya ukarimu, nawe wauza mlango ambao ukarimu wenyewe ulipita hapo. Kisha fedha zile wazitumia ili nyumba yako ifanane na za wengine.

Mwenye kutaka ibra na aende Gedi, si mbali na Malindi. Magofu yale yalianza kuchimbwa na Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 yametiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Walikaa humo Waislamu wenye neema. Liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, na vimeokotwa vyombo vya Kichina vilivyovuka bahari. Lakini nyumba zile leo zaitwaje? Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Fedha za Kichina. Zimeitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, kwa sababu majina ya wenye nyumba hayajulikani. Mkasi umebaki, na mwenye mkasi amesahauliwa. Ajuaye ni nani aliyemkaribisha mgeni ndani ya kuta zile na nani aliyemfukuza ni Mwenyezi Mungu peke yake, na daftari lake halipotezi kitu.

Basi nasaha yetu kwa kijana wetu, na kwa kila mwenye nyundo, ni hii. Waite mama yako na dada zako, mkae ukumbini humo humo kabla ya kuvunja hata jiwe moja. Gawanyeni haki, au mridhiane kwa uwazi na mbele ya mashahidi. Yaliyooza katika boriti yabadilishwe, na ukuta ulioliwa upigwe chokaa na fundi aijuaye chokaa. Vidaka viachwe. Baraza itengenezwe, na pembeni uwekwe mtungi wa maji na kata yake. Na ikibaki fedha, nunua kochi, wala usione haya. Lakini ulichague kwa kuuliza kama mama yako ataweza kuinuka akilikalia.

Kisha kwa kila kitu unachotaka kukitia au kukitoa, jiulize suala moja: kikiondoka, ni nani atakayekosa raha? Ukiona atakosa mgeni, au jirani, au mzazi, kibakishe. Ukiona atakayekosa ni jicho la mtu unayetaka akusifu, basi nyumba yako haijapungukiwa na kitu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe pana kwa wageni, salama kwa jirani, na ndani yake isiwemo shilingi ya mtu asiyeridhia. Wallahu aalam, wabillahi tawfiki.