Mzigo wa Mpagazi

Mwanafunzi mmoja wa uchoraji hapa Bagamoyo aliniambia anataka kufungua biashara ya mabango na nembo. Nikamuuliza kwa nini. "Nikimaliza chuo hakuna atakayeniajiri, mwalimu. Akili mnemba inachora." Kisha akanyamaza. Nadhani alikumbuka kwamba inachora mabango pia.

Wengi husema hofu hii ina heri ndani yake: itamtoa kijana kwenye kuzungusha bahasha za maombi ya kazi, ajiajiri. Mimi nina shaka. Nia ya biashara humvuta mtu. Ameona shida ya jirani, au amependa kitu mpaka akatamani wengine nao wakipate. Hofu humsukuma tu kutoka nyuma, na anayekimbia huingia mlango wowote aliokuta wazi.

Hofu hii si ngeni hapa. Mji huu uliwahi kupoteza kazi iliyoulisha. Wapagazi kutoka Unyamwezi walitembea miezi hadi pwani hii, pembe za ndovu mabegani. Mwaka 1891 Wajerumani waliokuwa wakitawala wakahamisha makao yao makuu kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza huko kujenga reli ya kati, ambayo mwaka 1914 ilifika Kigoma. Bagamoyo ikasinyaa. Sitaki kulipamba hilo. Walioumia waliumia kweli.

Ila naitazama kazi yenyewe. Mpagazi alilipwa kwa kubeba uzito na kumaliza umbali, na hivyo viwili ndivyo treni ilivyovimudu kuliko bega lolote. Fundi wa jahazi hakulipwa kwa kubeba uzito. Alilipwa kwa kujua mbao, upepo na nahodha atakayekwenda nacho chombo baharini. Nyundo zake ziliendelea kusikika ufukweni treni ikiwa imekwisha kuzoeleka.

Basi nilimuuliza kijana: wewe utalipwa kwa lipi? Kama ni kwa mchoro peke yake, hofu yako ni ya haki. Na hata kama ni kwa zaidi ya hapo, sina dhamana ya kukupa; mteja anaweza kuridhika na cha bure.

Juzi nilimkuta soko la samaki, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na karai la mama mmoja mkaangaji. Mama alikuwa akimweleza kwa nini bango lazima liwe na jina la marehemu mama yake, si lake. Kijana alikuwa bado hajachora kitu. Alikuwa akisikiliza.