Siku ya Mwisho Makka na Safari ya Kurejea Nyumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kushukuriwa kote ni kwake Mwenyezi Mungu, aliyewaita waja wake waiendee Nyumba yake, kisha akawarejesha makwao salama. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baad. Imekuwa dasturi njema katika miji ya pwani, kwa watu wa kazi za mishahara na kwa wenye maduka, ya kuwa skuli zikifungwa mwezi wa Disemba huzitumia siku za likizo kwenda Umra. Zamani likizo ilikuwa ya kwenda shamba au kuzuru jamaa. Leo mwenye uwezo humchukua mkewe na mamake, akapanda ndege, akakaa Makka na Madina siku kumi au kumi na nne. Jambo hili halina ila. Lakini wengi katika hao hujifunza namna ya kuingia Makka, wasijifunze namna ya kutoka. Huuliza ni wapi pa kuvaa ihramu, na maneno gani husemwa mtu akilikabili Jiwe Jeusi, na hayo ni haki yaulizwe. Ama siku ya mwisho haiulizwi na mtu. Nayo ndiyo siku ambayo kazi ya siku kumi huharibika kwa saa chache.

Na itazamwe hali ya siku hiyo. Gari la kwenda uwanja wa ndege wa Jeddah laondoka, mathalan, saa tisa za mchana. Tangu asubuhi hoteli ni mtafaruku. Masanduku yamezidi uzani. Huyu atoa misala katika sanduku lake ayatie katika la mwenziwe, na yule ameteremka sokoni mara ya nne kutafuta kanzu ya mjomba aliyesahauliwa. Tawafu ya kuaga amekwisha kuitufu jana usiku, ili asisumbuke leo, ndivyo asemavyo. Kisha akalala, akaamka, akala, akanunua udi, akashindana bei ya saa ya mkono hatta ikapungua riali mbili. Mtu huyu adhani ameaga. Hakuaga.

Mas-ala yenyewe, kwa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo ya watu wa pwani, ni haya. Tawafu ya kuaga, kwa kauli iliyo sahihi, ni wajibu juu ya killa mwenye kutoka Makka kwa safari ndefu, akiwa alikuja kwa Hija au kwa Umra au kwa biashara yake. Ibn Abbas, radhi za Mungu zimshukie, amepokea ya kuwa watu waliamrishwa jambo lao la mwisho liwe ni kwenye Nyumba, illa mwanamke aliye katika hedhi amesamehewa. Huyo huondoka na wenziwe wala halazimiwi kitu. Mumewe amweleze hayo mapema asije akalia njia nzima. Ama mwenye kuondoka bila ya udhuru asitufu, yampasa kuchinja. Na akirudi kabla hajafika mwendo wa kupunguza Sala, dhima humwondokea.

Na sharti ya tawafu hiyo ni isifuatwe na kukaa. Mtu akitufu kisha akafunga mizigo yake, au akanunua chakula cha njiani, au ikakimiwa Sala akaisali, hapana dhara, kwani hayo ya kwanza ni mambo ya safari, na Sala ina haki yake. Lakini akikaa kwa jambo lisilo la safari, kama kununua bidhaa au kumzuru rafiki, yampasa airudie. Wanavyuoni wametaja hatta kulipa deni na kumtazama mgonjwa, ambayo ni mambo ya thawabu, wakasema mwenye kukaa kwa hayo naye hurudia. Ikiwa mgonjwa hakuachiwa nafasi, kanzu ya mjomba itaachiwa kwa hoja gani?

Kwa hivyo soko limalizwe jana. Mizigo ifungwe iwekwe tayari, kisha ndipo mtu aende akatufu mara saba, na aweke muda wa kutosha, kwani siku za likizo watu husongamana. Akisha asali rakaa mbili, anywe Zamzam, aombe aliyo nayo moyoni, aombe na hili asikose: kujaaliwa kurudi tena. Wako watokao kinyumenyume, macho yao yakiitazama Kaaba, wakawakanyaga wazee na watoto waliomo nyuma yao, wakidhani hiyo ndiyo adabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Miladi, amebainisha ya kuwa lililo sahihi ni mtu kuipa Nyumba mgongo na kwenda zake. Kuipa mgongo hapo si ufidhuli. Mja aliitwa akaja, na sasa amepewa ruhusa aende, na Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kuwa msafiri akisha haja yake asikawie kurejea kwa watu wake.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani yawapasa kulitia moyoni. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39 na karibu dakika 50 mashariki. Mombasa iko digrii 39 na dakika 40. Jeddah na Unguja zote mbili ziko digrii 39 na kiasi cha dakika 12. Maana yake ni kuwa pwani iko kusini ya Makka karibu sawasawa, na ndiyo sababu wazee waliuita upande wa kaskazini kibula, na upande wa kusini suheli. Msafiri hana haja ya kugeuza saa yake, kwani saa ya Jeddah ndiyo saa ya Mombasa. Na ndege iendayo moja kwa moja, kwa kiasi cha saa nne hivi, hushuka kusini Kaaba ikiwa nyuma yake muda wote. Mwenye kutaka kusali ndani yake hana budi kugeuka kuelekea mkiani.

Waelekeao mkiani ni wachache. Yule ambaye siku kumi hakuikosa safu ya mbele katika Msikiti Mtukufu, ukisha kufungwa mkanda hujifunika blanketi kichwani, ikapita Sala ya kwanza, ikapita ya pili. Akiulizwa husema, ni safari. Safari ni ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Haikuwa kamwe ruhusa ya kuacha. Adhuhuri na Alasiri husaliwa mbili mbili, zikakusanywa katika wakati wa moja yao, na Magharibi na Isha vivyo hivyo, ila Magharibi haipunguzwi. Basi ndege ikiondoka kabla ya Magharibi ikatua usiku, na anuie ungali wakati wa Magharibi kuwa ataiakhirisha aisali pamoja na Isha. Mtu wa Mombasa akitua Nairobi yu msafiri bado, azikusanye hapo. Mtu wa Dar es Salaam akitua Dar es Salaam safari yake imekwisha. Isha yake ni rakaa nne.

Ama Alfajiri haikusanywi na kitu. Ndege ikiondoka Jeddah usiku wa manane ikatua jua limekwisha toka, Alfajiri ya huyo imo hewani, na hapo ndipo wengi huangamia. Tena wako wapigao hesabu kwa wakati wa Makka wakajiona wana nafasi. Mwezi wa Disemba jua huwa upande wa kusini, hutoka Mombasa mapema kuliko Jeddah kwa zaidi ya nusu saa. Na aliye juu hewani huliona mbele ya aliye chini. Atie udhu kabla ya kupanda, auchunge. Wakati ukiingia, awaombe kwa upole wahudumu wa ndege nafasi iliyo karibu na mlango wa nyuma, asimame, aelekee kibla, arukuu na kusujudu kama Sala ilivyo. Rakaa mbili za Alfajiri hazizidi dakika tano. Ikiwa amezuiliwa, au ndege yatikisika watu wameamrishwa wakae, asali kitini pake kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie akitua.

Ni kweli kuwa wa zamani walirejea kwa mwendo mwingine. Ibn Battuta alipotoka Makka mwaka wa 1330 au karibu nao, akapita Yemen na Aden, ikawa mwaka 1331 ndipo alipofika Mombasa akalala usiku mmoja, akawakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wenye dini, kisha akaenda Kilwa. Mahujaji wa majahazi walingoja kaskazi ivume, wakaja na upepo siku nyingi, na moyo ukapata muda wa kurejea pamoja na mwili. Leo mtu hutoka Haram mchana, na usiku huo huo yuko mlangoni mwa uwanja wa ndege akimtukana mwenye teksi kwa shilingi mia.

Namna ya kuingia nyumbani imefundishwa pia. Sahaba Jabir bin Abdullah alikuwa akirejea vitani pamoja na Mtume (S.A.W.), na ngamia wake amechoka, amebaki nyuma ya watu. Mtume alimjia, akamchoma ngamia kwa fimbo, akaenda mbio. Akamwuliza Jabir sababu ya haraka yake; akajibu kuwa ameoa karibuni. Akamwuliza, bikira au mjane? Akajibu mjane, kwani babake aliuawa Uhud akaacha mabinti, naye alitaka mwanamke wa kuwalea nduguze, asiwaletee msichana mwenzao. Njiani Mtume akamnunua ngamia yule kwa bei waliyopatana, kwa sharti Jabir ampande hatta Madina. Walipoukaribia mji, watu wakaambiwa wasiingie ghafla, wangoje, ili mwanamke ambaye mumewe hakuwapo apate kuchana nywele zake na kujitengeneza. Jabir alipofika aliamrishwa aanze na msikiti asali rakaa mbili. Kisha Bilal akamwamrishwa ampimie bei, akampimia na kumzidishia. Alipogeuka kwenda zake akaitwa, akapewa na ngamia.

Leo iko simu. Mwenye kuijulisha nyumba saa atakayoingia amelitimiza lililokusudiwa, hatta akiingia usiku. Lakini aijulishe kweli: asiseme kesho kumbe ni usiku huu, kwa mzaha au kwa kutaka kupeleleza, kwani hilo ndilo lililokatazwa. Na ajue ya kuwa aliyebaki nyumbani naye amekuwa katika kazi. Mlinzi aliyelala barazani siku kumi na nne apewe ujira wake kabla hajagaiwa tende. Mwenye duka la mtaani, aliyekopesha unga na mafuta siku mume hayupo, alipwe kabla mkufu wa dhahabu haujaonyeshwa wageni. Wako warejeao na masanduku matatu na daftari la deni liko pale pale lilipokuwa. Na wako warejeao Umra wakaitwa Haji, wakanyamaza, na Hija ingali juu ya shingo zao.

Wageni wataondoka saa nne au saa tano za usiku. Watoto watalala, na masanduku yatakaa ukumbini yamefunguliwa nusu. Saa kumi na moja mwadhini wa mtaa ataadhini, na msafiri ana usingizi wa siku mbili. Aamke, atie udhu kwa maji ya kisima chake, aende msikitini kwake, ambamo hakuna marumaru wala taa elfu, na safu ya mbele ina wazee sita. Kaaba iko mbele yake.

Wabillahi ttaufiq.