Laiti Merikebu Isingalizama

Wako watu wanaopenda kuiuliza historia swali hili: ingalikuwaje kama jambo fulani lisingalitokea? Juu ya wafalme wa kale wa Uingereza peke yao watu wamebuni habari nyingi za namna hiyo, zenye wafalme ambao hawakutawala kamwe na vita ambavyo havikupiganwa. Walimu wengi wa historia hulikataa swali hilo, wakisema kazi yetu ni yale yaliyokuwa. Wahenga nao walikwisha kutuonya kwamba "ningalijua" huja nyuma. Sisi hatulikatai swali lote, wala hatulikubali lote. Twaona iko "kama" iliyo mchezo tu, na iko "kama" nyingine impasayo Mkristo kuiuliza. Tutajaribu kuzitenganisha kwa mfano mmoja wa karne ya 12 huko Uingereza, nchi ambako kanisa letu la Kianglikana lilianzia.

Usiku wa tarehe 25 Novemba, 1120, merikebu iliyoitwa White Ship, yaani Merikebu Nyeupe, iling'oa nanga katika bandari ya Barfleur, nchi ya Normandy, ikielekea Uingereza. Mfalme Henry wa Kwanza alikuwa amekwisha kutangulia kwa chombo kingine. Ndani ya White Ship alikuwamo William, kijana wa miaka 17, mwana pekee wa kiume aliyezaliwa katika ndoa ya mfalme. (Watoto wa nje ya ndoa mfalme alikuwa nao kama ishirini, lakini hao hawakuhesabiwa katika urithi wa kiti.) Mabaharia walimwomba kijana huyo divai, naye akawapa bila kipimo. Walipotoka bandarini wakagonga mwamba. Mwandishi wa siku zile, Orderic Vitalis, asema waliopanda walikuwa kama 300, na aliyepona ni mtu mmoja tu, muuza nyama wa mji wa Rouen. Imesimuliwa kwamba William alikwisha kutiwa katika mashua ndogo na kuondolewa salama, bali aliposikia dada yake akimlilia aliamuru mashua igeuzwe. Watu wakairukia, ikazama pamoja naye.

Mpwa wa mfalme, Stephen, alikuwa amepanda chombo hicho hicho, kisha akashuka kabla hakijaondoka. Yasemekana aliumwa tumbo, na tena kwamba aliona vijana wamelewa mno. Mtu apendaye mzaha aweza kusema kwamba historia ya Uingereza ilitegemea tumbo la Stephen.

Hapo ndipo "kama" zinapomiminika. Kama William angaliishi, Stephen asingalikuwa mfalme. Matilda, dada yake William, asingaliozwa kwa Geoffrey wa Anjou mwaka 1128 ili awape Waingereza mrithi, na mtoto wao, aliyekuja kuwa Henry wa Pili, asingalizaliwa. Pasipo Henry wa Pili kusingalikuwako ule ugomvi wake na Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba, 1170. Wala asingalikuwako Mfalme John, mwana wa Henry huyo, aliyelazimishwa kuitia muhuri Magna Carta mwaka 1215. Mnyororo ni mrefu, na kila mtu aweza kuongeza pete yake.

Lakini ni nani ajuaye? William angaliweza kufa kwa homa mwaka uliofuata, au kuwa mfalme mbaya kuliko wote. Wako waandishi wa kanisa wa wakati ule walioona kuzama kule kuwa ni hukumu ya Mungu juu ya vijana wenye kiburi. Sisi twaogopa kusema hivyo. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Bwana wetu alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kabisa wahesabiwe kuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Na mle merikebuni walikuwamo watumishi waliokuwa wakifuata mabwana zao tu.

Basi "kama" ya mwamba na mawimbi ni mchezo. Ubaya wake ni kwamba hutuondolea lawama. Hata siku hizi mtu aliyevunja ndoa yake husema, "Laiti nisingalihamishwa kikazi," kana kwamba uhamisho ndio uliosimama mbele ya madhabahu kuweka ahadi. Bahari ya Barfleur nayo haikuapa. Walioapa ni watu, na habari yao ndiyo tunayotaka ichunguzwe.

Mfalme Henry alioa tena mwaka 1121, lakini hakupata mtoto. Kwa hiyo alimrudisha binti yake Matilda, mjane wa Kaisari Henry wa Tano wa Ujerumani, na mwanzoni mwa mwaka 1127 akawaita maaskofu na makabaila wote wakuu wakala kiapo kwamba asipopata mwana watampokea Matilda. Stephen na Robert wa Gloucester, mwana wa mfalme wa nje ya ndoa, hata walishindana ni nani mwenye heshima ya kuapa kwanza. Mwaka 1131 kiapo kikarudiwa.

Mfalme akafa tarehe 1 Desemba, 1135. Stephen alivuka bahari mara moja, watu wa London wakampokea, ndugu yake Henry, Askofu wa Winchester, akamsaidia, na tarehe 22 ya mwezi ule ule akavikwa taji. Askofu Mkuu William wa Canterbury alisitasita, kwa kuwa naye alikuwa ameapa. Ndipo kabaila mmoja, Hugh Bigod, akaapa kwamba mfalme alipokuwa akikata roho aliwafungua wote. Kiapo kikafutwa kwa kiapo.

Tuzipime sababu zao, maana hawakuwa wapumbavu. Walisema mwanamke hawezi kutawala makabaila. Lakini siku ile ya 1127 walijua kwamba ni mwanamke. Walisema waliapa kwa sharti kwamba hataozwa nje ya nchi bila shauri lao, naye akaozwa kwa mtu wa Anjou, adui wa zamani wa Normandy. Neno hilo lina uzito, ila waliapa tena mwaka 1131, na ndoa ilikuwa ya 1128. Walisema pia kwamba mfalme aliwalazimisha. Hii ndiyo sababu nzito zaidi, kwani ni nani angalithubutu kumkatalia Henry usoni? Hata hivyo mashamba na vyeo alivyowapa Henry huyo hawakuvirudisha. Tena Stephen alikuwa mtu mpole na mkarimu, na nchi isiyo na mfalme ilikuwa hatarini kila siku. Tukijiweka mahali pao, hatuna hakika kwamba tungalisimama.

Matilda alitua Uingereza mwaka 1139, na vita vikaenea. Mwaka 1141 Stephen alitekwa huko Lincoln, lakini watu wa London walimfukuza Matilda kabla hajavikwa taji. Kisha Robert naye akatekwa, wakabadilishana mateka, mambo yakawa yale yale. Watawa wa Peterborough waliandika jinsi wenye nguvu walivyojenga ngome, wakawakamata watu na kuwatesa ili watoe mali yao, hata vijiji vikabaki vitupu. Mwaka 1153 majeshi yalikabiliana huko Wallingford, kando ya mto Thames, na makabaila wa pande zote mbili wakakataa kupigana tena. Mapatano yakafanywa: Stephen atatawala hata kufa kwake, na mrithi atakuwa Henry, mwana wa Matilda. Yaani, baada ya miaka 18, kiti kilikwenda kwa nyumba ile ile waliyoiapia mwaka 1127. Huenda wangalipigana kwa sababu nyingine, hatukatai. Lakini "kama" hii yatuonyesha mahali ambapo watu wazima walisimama kwenye njia panda wakiwa na macho.

Sasa twaja kwa mtu atutatizaye. Brian FitzCount alilelewa na Mfalme Henry, akapewa mke na mali, na kwa ndoa hiyo akawa bwana wa ngome ya Wallingford. Matilda alipotua, Brian alikishika kiapo chake na hakukiacha. Akanyang'anywa mashamba yake mengine, na ngome ikazingirwa. Yule Henry, Askofu wa Winchester, aliyemgeukia Matilda mwaka 1141 na kumwacha katika mwaka huo huo, alimlaumu kwa kuwapora watu. Barua aliyojibu Brian ingaliko. Kwa maneno yetu, asema: wewe mwenyewe uliniamuru nimsaidie binti wa Mfalme Henry, mali aliyonipa mfalme nimenyang'anywa kwa sababu nalitii, sina tena shamba la kunipa nafaka, basi si ajabu nikichukua kwa wengine nipate kuishi.

Ahadi ni deni, twafundishwa hivyo tangu utoto. Brian alilipa deni lake, tena kwa gharama kubwa, naye hakuacha mtoto wa kurithi heshima ile. Lakini nafaka iliyolilisha jeshi lake ilitoka katika ghala la mkulima ambaye hakuitwa kuapa mwaka 1127 wala hakuulizwa neno mwaka 1135. Wako watakaosema kwamba lawama ni ya Stephen, aliyevunja kiapo kwanza. Yaweza kuwa kweli, ila waliochukua nafaka ile walikuwa watu wa Brian, na mkulima aliwaona. Sisi twaona Brian alitenda haki kwa kiapo chake na alikosa kwa jirani zake, na hatujaona namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili. Msomaji aonaye vingine na amwandikie mhariri.