Deni la Uzeeni: Pensheni, Kura na Wajibu wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi

Swali la iwapo pensheni ni hisani, ni akiba au ni deni huonekana kuwa la wahasibu na wanasheria, lakini kwa undani wake ni swali la maadili, kwa sababu kila jibu linaweka uhusiano wa aina yake kati ya anayelipa na anayelipwa. Hisani humwachia mtoaji hiari ya kutoa au kunyima, na mpokeaji hana la kufanya ila kushukuru. Akiba ni mali ya mwekaji, anayeweza kuichukua apendapo na ambaye hasara yake haimhusu mwingine. Deni lina mdai na mdaiwa, lina muda wake wa kulipwa, na halifutiki kwa sababu mdaiwa amebadili mawazo au mdai amechoka kudai. Makala haya yanashikilia kwamba pensheni ya mfanyakazi ni deni, na kwamba, kwa kuwa deni la miaka 30 haliwezi kulindwa na mtu mmoja mmoja, tawi la chama cha wafanyakazi, yaani ngazi ya chini kabisa ya chama pale mahali pa kazi, limebeba wajibu mzito kuliko wanachama wengi wanavyodhani wanapokwenda kumchagua mwenyekiti na katibu wake.

Mafundisho ya dini kubwa mbili za Tanzania yanaelekea upande huo wa deni. Katika Kitabu cha Kharaj, ambacho Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Baghdad katika karne ya 8, alikiandika kuhusu mapato ya dola, imo habari ya Khalifa Umar bin al-Khattab kumkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni pa watu. Umar alipotambua kwamba umaskini, uzee na kodi ndivyo vilivyomfikisha pale, alimpa alichokuwa nacho nyumbani, kisha akamwagiza mtunza hazina ya umma, yaani Baitul Mal, amtazame yeye na wenzake wa hali ile, kwa hoja kwamba si uadilifu kula matunda ya ujana wa mtu halafu kumtelekeza uzeeni. Uzito wa habari hii haumo katika huruma ya khalifa peke yake, kwani hata mtu asiye mtawala angeweza kuhurumia. Umo katika hoja yenyewe, inayoanza na kilichochukuliwa kwa mzee zamani na kufikia kinachodaiwa leo, na inayovuka mpaka wa dini bila kuuliza mdai anasali wapi. Kwa upande wa Wakatoliki, barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 iitwayo Rerum Novarum ilitetea haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama vyao na kuweka mifuko ya kusaidiana katika maradhi na uzee, na Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, akaitaja pensheni waziwazi miongoni mwa haki zinazotokana na kazi.

Hata hivyo mafundisho hayohayo yanaibua ugumu ambao hauna budi kukabiliwa. Hadithi ya Mtume Muhammad inayojulikana sana inaagiza mfanyakazi alipwe ujira kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo unaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapaza sauti dhidi ya aliyeuzuia. Sasa, iwapo pensheni ni sehemu ya ujira, basi ni ujira unaokaa miongo mitatu bila kulipwa, muda ambao jasho limekauka mara nyingi sana. Katika utumishi wa umma Tanzania, mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15, na fedha hizo hukaa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, mpaka mtumishi afikishe umri wa kustaafu, ambao ni miaka 55 kwa hiari na miaka 60 kwa lazima. Ucheleweshaji wa namna hii unaweza kuwa halali kimaadili kwa masharti mawili tu: kwamba mwenye ujira ameridhia ucheleweshwe, na kwamba wakati wowote anaweza kujua ujira wake uko wapi na utarudi kwa kipimo gani. Sharti moja likikosekana, kinachoitwa hifadhi kinakuwa ni kuzuia ujira kwa jina zuri.

Sharti la kipimo ndilo lililozua mgogoro wa kikokotoo. Kikokotoo ni kanuni ya hesabu inayobadilisha miezi ya utumishi na mshahara kuwa mafao, na mafao hayo hugawanywa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa mkupuo, yaani fedha anazokabidhiwa mstaafu kwa mara moja, na ya pili pensheni ya kila mwezi hadi kufa. Hapa inafaa kufuata hesabu yenyewe hatua kwa hatua, maana lawama nyingi zimetolewa na pande zote bila hesabu kuonekana. Chukua mtumishi mwenye miezi 360 ya utumishi, yaani miaka 30, ambaye mshahara unaotumika kumkokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya PSPF na LAPF, iliyotangulia PSSSF, miezi yake iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa na mshahara wa mwaka, akapata pensheni kamili ya shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa mara 15.5 ikawa mkupuo wa shilingi 62,000,000, na nusu iliyobaki ikamlipa takriban shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 kigawanyo kilikuwa 580, kizidishi kilikuwa 12.5, na mkupuo, hadi mwaka 2024, ulikuwa asilimia 33, kwa hiyo mtu huyohuyo alipata mkupuo wa takriban shilingi milioni 30.7 na pensheni ya takriban shilingi 416,000 kwa mwezi. Nyongeza ya shilingi 83,000 hivi kwa mwezi ilihitaji miaka 31 na ushei kufidia shilingi milioni 31 zilizopungua katika mkupuo, na aliyestaafu akiwa na miaka 60 angekuwa amepita miaka 91.

Hesabu hii inawaondolea wafanyakazi tuhuma iliyorudiwa mara kwa mara, kwamba walipinga kikokotoo kipya kwa sababu ya tamaa ya fedha za haraka wasizojua kuzitunza. Walikuwa wamesoma hesabu yao sawasawa. Lakini haki inadai upande wa pili nao usemwe. Kanuni ya zamani ya ukarimu ilikuwa ya baadhi tu, kwa kuwa wanachama wa mifuko mingine ya PPF, GEPF na NSSF walikuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25, na watumishi wawili wenye mshahara mmoja na miaka sawa waliweza kuondoka kazini siku moja na mafao yasiyofanana hata kidogo. Kwa wale wa asilimia 25, kanuni ya mwaka 2022 ilikuwa nafuu. Tena PSPF ilikuwa imebeba madai ya watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999, ambao miaka yao ya mwanzo haikuchangiwa, na ilibidi baadaye serikali itoe hatifungani isiyo ya fedha taslimu, yaani hati ya kukiri deni na kuahidi kulilipa kwa awamu, yenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Kwa mtazamo wa makala haya, hatua hiyo ya kukiri deni kwa maandishi ina maana kubwa kuliko mjadala wote wa asilimia, kwa sababu serikali yenyewe ilikubali kwamba fedha hizo hazikuwa hisani.

Linabaki sharti la ridhaa, na ndipo tawi linapoingia. Hakuna mtumishi anayeulizwa peke yake kama anakubali makato. Sheria inamlazimisha, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa hifadhi ya jamii isingesimama kama kila mmoja angejiunga na kujitoa apendavyo. Ridhaa yake basi hupitia kwa wawakilishi. Kanuni za mwaka 2018, zilizotaka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, ziliamsha manung'uniko makubwa hadi Rais John Magufuli, katika kikao na viongozi wa vyama na mifuko Desemba 2018, akazisimamisha hadi mwaka 2023. Kanuni ya asilimia 33 ilipotangazwa mwaka 2022, ilielezwa kuwa ni makubaliano ya utatu, yaani serikali, chama cha waajiri ATE na shirikisho la vyama vya wafanyakazi TUCTA. Wanachama wengi waliuliza ni lini walishauriwa, na swali hilo ni la kifalsafa hata kama aliyeuliza alikuwa na hasira tu: je, sahihi ya kiongozi wa shirikisho inamfunga mwalimu wa shule ya msingi ambaye tawi lake halijaitisha mkutano mwaka mzima?

Jibu la haki ni kwamba inamfunga pale tu ambapo ngazi za kati zinafanya kazi. Mwakilishi hupata mamlaka kutoka kwa waliomtuma, na mamlaka hayo hupanda kutoka tawi hadi wilaya, mkoa na taifa kwa njia ya chaguzi. Uchaguzi wa tawi ukifanywa kwa kupeana vyeo kimyakimya ukumbini, bila mgombea kueleza atasimamia nini, sahihi inayowekwa Dodoma au Dar es Salaam inakosa msingi hata kama kila karatasi iko sawa. Kwa hiyo mwanachama asiyehudhuria mkutano wa uchaguzi, kisha akalaumu kikokotoo, ana sehemu yake katika kosa, ingawa sehemu kubwa zaidi ni ya kiongozi aliyefurahia kutohudhuria kwake. Mzigo huo unaongezeka ikikumbukwa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu ada ya uwakala, yaani makato kutoka kwa mfanyakazi asiye mwanachama pale ambapo chama kimetambuliwa kuwa mwakilishi wa wengi. Anayekatwa bila kujiunga ana haki zaidi ya kudai kwamba walio ndani wachague kwa makini.

Je, tawi liwahamasishe wanachama pia kuhusu uchaguzi wa nchi? Historia inafundisha tahadhari. Chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya shirikisho huru la TFL kuvunjwa, kilikuwa na katibu mkuu aliyeteuliwa na Rais na kilifungamanishwa na chama tawala cha TANU, na JUWATA iliyofuata mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU. Kwa miongo hiyo mfanyakazi hakuwa na chombo cha kumdai mdaiwa wake mkubwa, ambaye ni serikali, kwa sababu mdaiwa ndiye aliyemteua msemaji wa wadai. Lakini kunyamaza nako si kutopendelea upande. Mei 2010, TUCTA ilipodai kima cha chini cha mshahara cha shilingi 315,000 na kutishia mgomo, Rais Jakaya Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo huo na kwamba yuko radhi kuzikosa kura za wafanyakazi. Kauli ile ilikuwa na ukweli wa wazi, nao ni kwamba kura ya mfanyakazi ni sehemu ya mazungumzo ya ujira, watu wapende wasipende. Tawi linalokusanya ahadi za kila mgombea ubunge kuhusu mafao, likazisoma mbele ya wanachama na kuwaachia waamue, halijamwamulia mtu. Linalopita na fulana za mgombea mmoja limerudi NUTA kwa hiari yake.

Upande wa jumuiya ndio ambao matawi hufanya vizuri zaidi, na haustahili kudharauliwa. Mwanachama akifiwa, michango ya rambirambi hufika kabla ya barua ya mwajiri. Mwalimu akistaafu, katika baadhi ya wilaya Chama cha Walimu humkabidhi mabati ya kuezekea, zawadi inayotambua kwamba mtu anaweza kufundisha miaka 35 na bado akaondoka nyumba ya serikali bila kuwa na yake. Julius Nyerere, katika kijitabu cha Ujamaa cha mwaka 1962, alieleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa tu katika jamii ya kale alikuwa amefanya kazi ujana wake wote, na kwa hiyo kula kwake bila kulima hakukuwa unyonyaji. Hoja hiyo ni ileile ya Umar na mzee kipofu, imefikiwa kwa njia nyingine. Tofauti ni kwamba katika kijiji cha kale mzee alibaki barazani, akiwaona wanaomlisha na wao wakimwona, na neno lake likisikika. Mstaafu wa leo, mwezi jina lake linapotoka kwenye orodha ya mishahara, makato ya ada yanakoma, na pamoja nayo unakoma uanachama. Wanaojadiliana kuhusu pensheni ni wale ambao hawajaanza kuipokea, na wanaoipokea hawana kura.

Kasoro hii inaathiri pande zote. Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, alidai kwamba mafungamano kati ya mtu na nafsi yake ya miaka mingi ijayo hupungua kadiri muda unavyopita, hata ikawa kumtesa mzee utakayekuwa kunakaribia kumtesa mtu mwingine. Iwe hoja hiyo inakubalika yote au nusu, inaeleza kwa nini mtumishi wa miaka 26 anajali nyongeza ya mshahara kuliko kigawanyo cha 580. Hatajifunza kwa kuhutubiwa siku ya Mei Mosi. Atajifunza kwa kuketi mkutano mmoja na mwenzake wa zamani aliyekuja na hati ya malipo mkononi, akaonyesha mkupuo ulivyoisha na shilingi alizobakiwa nazo kila mwezi. Kwa sababu hiyo katiba za vyama zingepaswa kumhifadhi mstaafu kama mwanachama wa tawi alikotoka, akiwa na kura katika kila jambo linalohusu mafao, hata kama hatapiga kura katika madai ya mishahara yasiyomgusa. Wapo watakaopinga kwamba asiyelipa ada hana haki ya kura, na pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama ada ingekuwa bei ya huduma ya mwezi ule tu. Lakini mwalimu aliyekatwa asilimia 2 ya mshahara wake kwa miaka 30 alichangia kujenga chombo kinachoendelea kudai kwa jina lake, na makubaliano yoyote ya utatu yatakayofuata yatahusu fedha yake kabla ya kuhusu fedha ya mtu mwingine yeyote mezani.