Nani Alipe Gharama ya Tahadhari?



Sisi wa Masaki ya Kisarawe hatuna desturi ya kuzungumza habari za ndege. Watu wa mjini wakisikia jina la Masaki hufikiri ile ya rasi ya Msasani, penye majumba makubwa. Yetu ni Masaki ya mihogo na mikorosho, na wengi wetu ndege twaitazama kutoka chini tu, tukiwa na jembe mkononi. Basi mtu aweza kuuliza, majivu ya volkano yanayozuia ndege yatuhusu nini? Twasema yatuhusu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila kijiji, kila nyumba na kila baraza la kanisa hulikuta siku moja. Hatari ikija, na wenye mamlaka wakaifunga njia ili watu wasife, hasara ya kuifunga njia hiyo ni ya nani?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Majivu ya volkano si kama majivu ya jikoni. Ya jikoni ni laini, ukiyatia maji huwa tope. Yale ya mlima wa moto ni mawe na vioo vilivyosagwa vikawa vumbi, vumbi kali lenye ncha. Likipanda angani laweza kuchukuliwa na upepo maelfu ya maili, na usiku rubani halioni, wala rada ya ndege inayoonyesha mvua hailioni. Likiingia katika injini, ambamo joto ni kali kuliko tanuri lolote tulijualo, vumbi hilo huyeyuka, kisha huganda juu ya mapanga ya injini na kuziba pumzi yake.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 24 Juni 1982, ndege kubwa ya Uingereza yenye watu 263 ilikuwa ikipita usiku karibu na kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Mlima Galunggung ulikuwa ukitoa majivu, na rubani hakujua. Injini zote nne zilizimika. Ndege ikashuka gizani bila nguvu, ikiwa haina msaada ila mabawa yake, mpaka ilipotoka katika wingu lile ndipo injini zikawaka tena. Wakatua Jakarta wakiwa hai wote, ingawa kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa hata rubani hakuweza kuona vema njia ya kutua. Mwaka 1989 yakatokea mengine ya namna hiyo huko Alaska, na watu wakapona tena. Tangu hapo kanuni ikawa moja: penye majivu, ndege isipite.

Kanuni hiyo ni njema, nasi hatuandiki ili kuilaumu. Lakini tazameni yaliyotokea katika Aprili 2010. Mlima mmoja wa kisiwa cha Iceland, jina lake Eyjafjallajökull, ulilipuka chini ya barafu, na upepo ukayapeleka majivu juu ya Ulaya. Anga ya nchi nyingi ikafungwa kwa karibu juma zima. Safari zipatazo 100,000 zilifutwa, na wasafiri kama milioni 10 wakakwama. Hapana ndege iliyoanguka. Hapana aliyekufa angani. Twamshukuru Mungu kwa hayo, na twawashukuru waliokuwa na moyo wa kusema hapana.

Sasa tuyaache mambo ya Ulaya, twende Naivasha, katika nchi ya jirani zetu wa Kenya. Kando ya ziwa lile yako mashamba makubwa ya maua. Waridi hukatwa asubuhi, hufungwa na kupozwa, na usiku hupakiwa ndege Nairobi ili lifike Ulaya lingali bichi. Waridi halingoji. Anga ya Ulaya ilipofungwa, maua yalijaa maghalani, kisha yakatupwa, mamilioni ya maua. Na maelfu ya vibarua waliokuwa wakiyakata na kuyafunga wakaambiwa warudi nyumbani mpaka njia ifunguliwe. Kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Siku asiyofanya, hana.

Tuliposikia habari hiyo tulijiuliza, je, kibarua yule aliwahi kupanda ndege? Pengine hata kiti cha ndege hajakiona. Yeye hakuwa katika hatari ya majivu hata kidogo. Waliolindwa ni wasafiri, nao walistahili kulindwa, lakini aliyelipa sehemu ya ulinzi wao kwa unga wa nyumbani mwake ni mtu asiyewajua, wala wao hawamjui.

Tena lipo jambo la kutazamwa kwa makini. Msafiri aliyekwama Ulaya alikuwa na sheria ya kumtetea. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 yaliagiza shirika la ndege limpe chakula na mahali pa kulala, hata kama kukwama kwenyewe si kosa la shirika. Na mwaka 2013 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakata shauri kwamba wajibu huo ulikuwapo hata katika siku zile za majivu. Sheria hiyo ni nzuri. Ila tazameni mpaka wake ulipoishia. Mwenye tiketi aliandikiwa chakula, na asiye na tiketi, ambaye riziki yake ilikuwa ikipanda ndege ileile, hakuandikiwa kitu.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali tu. Tarehe 12 Juni 2011, Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikuwa hapa kwa jirani zetu wa Kibaha, akitembelea kikundi cha wanawake wa Mlandizi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 mlima Nabro ulilipuka Eritrea. Naye alipokuwa Addis Ababa ilimpasa kukatiza ziara yake na kuondoka mapema, kwa kuwa majivu yalikuwa yakija. Mkubwa ana ndege, aondoka. Waliokaa miguuni pa mlima ndio waliozika wafu wao na kuhama na watoto. Na tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika nchi ya Waafar kule Ethiopia, ulilipuka, na majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu yakapita Yemeni na Omani hata India, ambako safari za ndege zilifutwa. Habari nyingi tulizosikia zilikuwa za ndege hizo. Lakini wafugaji wa Afdera walikuwa wakitazama majani ya malisho yao yamefunikwa na vumbi, na mbuzi hana la kula. Hata hapa Tanzania, Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, ulitoa majivu mwaka 2007 na 2008. Basi jambo hili li karibu nasi.

Wako watakaotujibu kwamba volkano ni kazi ya Mungu, kwa hiyo hasara yake haina wa kulaumiwa. Kila mtu abebe lililomwangukia. Twakubali kwamba mlima haukuwashwa na mtu. Lakini kufunga anga ni uamuzi wa watu, na kugawa hasara ni uamuzi wa watu pia. Hata kutogawa ni kugawa, kwa maana mzigo usiopangwa hauelei hewani. Huteremka mpaka umkute mtu asiye na wa kumwachia.

Wengine watasema kwamba kama hapana ndege iliyoanguka, tahadhari yenyewe ilikuwa bure. Hoja hii ni ya hatari, nayo twaisikia hata kijijini. Mtu huchemsha maji mwaka mzima, hapana augueaye, kisha akasema kuni zake zimepotea bure. La hasha. Hatari iliyozuiwa haiachi alama, na kwa sababu hiyo mwenye kuzuia mara nyingi hulaumiwa na wale aliowaokoa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nasi ilitusumbua. Je, tukisema kwamba afungaye njia ndiye alipe hasara, hatutamfanya aogope kuifunga? Mwaka 2010 wakuu wa mashirika ya ndege walilalamika kwa sauti kubwa kwamba anga imefungwa kupita kiasi, na twajua walikuwa wakipoteza fedha nyingi kila siku. Huenda kwa sehemu walikuwa na haki, maana baadaye wataalamu waliweka kipimo cha majivu ambayo injini yaweza kustahimili, na anga ikafunguliwa. Ila hatungependa mwenye kutupima hatari awe ni yuleyule anayehesabu hasara. Mkono unaofunga mlango usishikwe na mfuko.

Hapo ndipo tulipokumbuka amri ndogo katika Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu. Mtu ajengaye nyumba mpya aliagizwa kuweka ukuta kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni mambo mawili. Kwanza, gharama ya ukuta si ya mpita njia, wala si ya fundi aliyeajiriwa kwa siku. Ni ya mwenye dari, yeye anayepata faida ya kukaa juu jioni penye upepo. Pili, ukuta hujengwa nyumba ingali mpya, kabla mtu hajaanguka. Hapo amri hiyo yatujibu. Tusimtoze yule afungaye njia wakati wa hatari. Tutengeneze mfuko kabla ya hatari, nao ujazwe na wale wanaofaidi njia ikiwa wazi. Mwenye shamba la maua, mwenye ndege, mwenye duka la maua huko London au Amsterdam, kila mmoja akiweka kidogo katika siku za faida, kibarua hatalala njaa siku majivu yatakapokuja. Naye afungaye anga atafunga kwa moyo mweupe, akijua kwamba hakumnyang'anya maskini chakula chake ili kumlinda tajiri.

Ndugu, ni rahisi kuwahubiria wenye ndege. Yatupasa kusema na letu. Mwaka mmoja kipindupindu kilipokuwa kikizunguka, sisi katika baraza letu tuliazimia kwamba chakula kisiuzwe tena uwanjani pa kanisa baada ya Misa. Uamuzi ulikuwa wa haki, na hata leo tungeuamua vilevile. Shauri lenyewe halikuchukua robo saa, kisha tukaenda kwenye habari za mabati. Lakini alikuwapo mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza chai na maandazi pale chini ya mwembe, na hiyo ndiyo Jumapili iliyomlishia watoto wake Jumatatu. Hakulalamika. Alikunja meza yake akaenda. Zilipita wiki nyingi ndipo tukajua kwamba mwanawe mkubwa ameacha shule akachome mkaa na mjomba wake. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza siku ile, "Na mama huyu je?" Tulikuwa watu zaidi ya mia tuliolindwa, na kama kila mmoja angetoa thamani ya andazi moja kwa juma, mama yule asingepungukiwa. Tulimlinda kila mtu kwa mfuko wa mtu mmoja, tukaita hiyo hekima.

Twaandika haya bila kujitetea. Mtoto yule amekwisha kuwa mtu mzima, na miaka aliyoikosa haturudishi.

Basi twawaombeni jambo moja. Njia nyingi zitafungwa mbele yetu, na nyingi kwa haki. Kisima kitafungwa kwa sababu maji yameharibika, daraja kwa mafuriko, soko kwa ugonjwa, kuku watachinjwa kwa kideri. Tusiwe wazito kufunga, maana uhai haurudi. Lakini katika kikao kilekile, kabla ya sala ya kufunga, mtu mmoja na asimame aulize swali la pili: ni nani kati yetu atakayelipa kwa ajili ya usalama wetu, nasi tutamsaidiaje kuubeba mzigo huo? Jibu liandikwe katika kitabu cha baraza, chini ya lile azimio lenyewe, pamoja na jina la atakayelifuatia.

Na siku tutakaposikia tena kwamba ndege zimezuiwa na majivu ya mlima fulani, tuwaombee wasafiri wafike salama. Kisha tumkumbuke na yule aliyebaki kando ya ziwa, mikono mitupu, karibu na rundo la maua.