Mtu na Chombo Akipendacho

Wahenga walisema kwamba kipendacho moyo ni dawa, lakini hawakusema moyo upende nini. Waalimu wa maadili ndio waliojaribu kulitia neno hilo mipaka. Kwa karne nyingi wamefundisha kuwa mapenzi ya haki ni ya Mungu, ya wazazi, ya mume na mke, ya watoto, ya jirani na ya nchi. Ama mapenzi ya vitu wameyaita tamaa, na mwenye kuyafuata wamemfananisha na mtu anywaye maji ya bahari. Mafundisho hayo yana hekima kubwa, na si kazi ya insha hii kuyavunja. Walakini yako mapenzi ya namna moja ambayo hayakai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Nayo ni mapenzi ya mtu kwa chombo anachokitumia na kukitengeneza kwa mikono yake umri wake wote: mvuvi na mtumbwi wake, mshoni na cherehani yake, mpiga udi na udi wake. Je, huyu naye ni mtumwa wa tamaa? Au katika mapenzi yake mna wema ambao waalimu wamesahau kuupa jina?

Swali kama hili halijibiki hewani, linataka mtu. Wanaofaa kwa mfano ni wengi, lakini mmoja anafaa kuliko wengi, kwa kuwa chombo alichokipenda ni kile ambacho watu wazima wenye heshima zao hukitazama kwa wasiwasi, na kwa kuwa alikipenda mpaka uzeeni. Huyo alikuwa Herbert James Munro, ambaye watu walimwita Burt, mzaliwa wa Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya New Zealand. Alizaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920, akiwa kijana wa miaka 21, alinunua pikipiki ya Kimarekani aina ya Indian Scout. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita 600, na upeo wa mwendo wake, kama ilivyotoka kiwandani, ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89 hivi. Mwaka 1926 alianza kuibadilisha. Hakuacha tena.

Jinsi alivyoibadilisha ndiko kwenye utamu wa habari. Hakuwa tajiri. Mchana aliuza pikipiki ili apate riziki, usiku alishika tupa na nyundo, na mara nyingi usiku huo ulifika alfajiri kabla yeye hajafika kitandani. Pistoni alizisubu mwenyewe, akiyeyusha madini na kuyamimina katika makopo makuukuu yaliyokuwa ndiyo kalibu zake. Fimbo za chuma zinazoshika pistoni, ambazo mafundi huziita konrodi, alizichonga kwa mkono kutokana na ekseli ya trekta. Alipohitaji kipimo cha unene alitumia spoki kuukuu ya gurudumu. Valvu ambazo kiwanda kilizikalisha ubavuni mwa silinda yeye alizihamishia juu, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wahandisi wenye karakana nzima na watumishi wa kutosha. Alichokiunda kilivunjika, na kilichovunjika alikiunda tena. Vipande vilivyoharibika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu katika banda lake, na hapo akaandika maneno kuwa hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Ni mzaha, bila shaka, lakini ni mzaha wa mtu ajuaye gharama.

Miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea mwisho alifika Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani, mahali ambapo zamani za kale palikuwa ziwa na sasa ni uwanda mweupe wa chumvi, mpana na tambarare, ambapo chombo chaweza kukimbia hata kiishiwe na nguvu. Mara ya kwanza alikwenda kutazama tu. Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, alirudi na Scout yake akaweka kumbukumbu ya dunia katika daraja lake, kwa mwendo wa karibu maili 179 kwa saa, yaani kilomita 288. Mwaka 1966 aliweka nyingine, na mwaka 1967 nyingine tena. Wakati huo mpandaji alikuwa na miaka 68, pikipiki miaka 47, na injini ilikwisha kuongezwa ujazo hadi sentimita 950. Alikufa mwaka 1978. Filamu aliyoiongoza Roger Donaldson, iliyotoka mwaka 2005 na ambamo Anthony Hopkins alikuwa Munro, imelieneza jina lake kwa watu ambao hawajapata kugusa pikipiki. Filamu ni nzuri. Lakini filamu hutaka ushindi, ilhali swali lililopo hapa linataka ile miaka 36 iliyoutangulia ushindi.

Sasa na yasikizwe mashtaka. La kwanza ni kwamba mapenzi haya ni tamaa iliyovaa nguo za kazi. Shtaka hili halina nguvu nyingi. Mwenye tamaa hutambulikana kwa dalili mbili: hutaka vingi, na hutaka vipya. Anachokipata leo kinamchosha kesho. Munro alikuwa na chombo hiki tangu ujana, akawa nacho pamoja na pikipiki nyingine moja ya Kiingereza, aina ya Velocette, aliyoibadilisha kwa bidii hiyo hiyo. Na ilhali viwanda vilitoa kila mwaka vyombo vyenye nguvu zaidi na bei aliyoweza pengine kuimudu kwa kujinyima, yeye alikaa na kile cha mwaka 1920. Mtu anayekataa kipya kwa ajili ya cha zamani anaweza kuitwa mkaidi. Kuitwa mwenye tamaa hawezi.

Lakini jibu hilo linazaa swali gumu kuliko shtaka lenyewe. Ampendaye mtu humpenda alivyo. Na anayetaka kumgeuza ampendaye kila kiungo, tangu nywele hata ukucha, husemwa kwamba hapendi, anatawala. Munro aliipenda pikipiki yake na hakuiacha ilivyo hata siku moja. Pistoni si zile, konrodi si zile, silinda si zile, umbo lake si lile. Basi ni kipi alichokipenda? Wanafalsafa wanalijua swali hili kwa jina la merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nzima, hata wenye hoja wakabishana kama ndiyo ile ile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza utata: je, kama mtu angeziweka zile mbao kuukuu na kuunda merikebu ya pili, ipi ingekuwa ya Theseus? Watu wa pwani, ambao wameishi na majahazi kwa karne nyingi, hawana haja ya Waathene ili waielewe habari hii. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, na jina lake halibadiliki, wala mwenyewe haulizwi kama chombo ni chake.

Kwa Munro, zile mbao kuukuu za Hobbes zilikuwapo kweli, zimepangwa kwenye rafu. Hakuna aliyeingia bandani akaiita rafu hiyo pikipiki. Kwa nini? Kwa sababu chuma kilichokuwa rafuni kilikuwa kimemaliza kazi yake, na kilichokuwa chini kilikuwa kimeipokea. Umoja wa chombo haukukaa katika chuma; ulikaa katika kazi iliyopokezanwa pasipo kukatika, kutoka pistoni iliyopasuka hadi ile iliyosubiwa baada yake kwa kujua sababu ya kupasuka. Hivyo mtu huyu hakupenda kitu kama vile bahili apendavyo sarafu. Alipenda mazungumzo marefu baina ya mkono wake na chuma, ambayo chuma ndicho kilichokuwa na neno la mwisho. Na hapa pana adabu ambayo ni nadra katika mapenzi ya watu kwa watu: chuma hakidanganyiki. Mtu anaweza kumbembeleza rafiki, akamlaghai mke, akajisifu mbele ya wanafunzi. Pistoni yenye kasoro itavunjika mbele ya macho yake na haitajali cheo chake. Robert Pirsig, Mmarekani aliyetoa mwaka 1974 kitabu juu ya safari ya pikipiki na falsafa, aliona jambo hili vizuri: anayetunza chombo chake kwa mikono yake hulazimika kwanza kujitunza mwenyewe, aondoe haraka na kiburi, maana yote mawili huharibu kazi.

Shtaka la pili ni la umri. Jamii nyingi, na zetu zimo, humtaka mzee awe mahali pake barazani, atoe shauri, apokee salamu. Mzee wa miaka 68 anayelala kifudifudi juu ya injini ndani ya ganda jembamba, akikimbia kwenye chumvi kwa mwendo wa ndege ndogo, huonekana kama aliyeipotezea heshima mvi zake. Tena Munro alikuwa na ugonjwa wa moyo, na alikwisha kuanguka mara nyingi. Ni rahisi kulikubali shtaka hili, na ni rahisi mno pia kulicheka. Linahitaji kugawanywa. Anayekimbiza pikipiki hivyo barabarani, penye watoto na wapita njia, anaweka rehani maisha ambayo si yake, na umri haumsamehi. Bali unamzidishia lawama, kwa maana alikuwa na muda wa kujifunza. Uwanda wa chumvi ni habari nyingine. Aliyeweka rehani hapo alikuwa, kwa sehemu kubwa sana, yeye. Na heshima ya uzee, ikiwa maana yake ni kuacha kujifunza, ni heshima ya sanamu. Yamkini baraza nyingi zingefaidika kwa mzee mmoja ambaye bado anakosea katika kazi mpya.

Shtaka la tatu ndilo zito. Usiku unaotumiwa bandani ni usiku ambao haukutumiwa mahali pengine. Munro alikuwa na mke na watoto wanne, ndoa ile ikaja kuvunjika, naye akawa anaishi katika banda lile lile la pikipiki zake. Yaliyokuwa baina ya mume na mke ni yao, na mtu wa nje anayetoa hukumu juu yake anajivika kanzu ya kadhi bila kuteuliwa. Hata hivyo swali kwa ujumla wake haliwezi kukwepwa: je, kazi kubwa humpa mtu ruhusa?

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliliuliza swali hili mwaka 1976, kwa mfano wa mchoraji anayeiacha familia yake ili akachore, mfano alioufinyanga kutokana na habari za Gauguin. Alisema kwamba kama kuna kitu cha kumtetea mchoraji huyo, basi ni kufaulu kwake. Na kufaulu hakukuwa mkononi mwake alipoondoka. Akiwa mchoraji hafifu, alichofanya ni kutelekeza watu tu. Hoja hii imewasumbua wengi kwa sababu inaingiza bahati ndani ya nyumba ya maadili, ambamo ilidhaniwa kuwa haiingii.

Na ipimwe hoja hiyo kwa Munro. Kwa mwendo wa maili 179 kwa saa, maili moja humalizika kwa muda wa sekunde 20. Kama ni kufaulu kunakotetea, basi kazi ya miaka 36 ilikuwa upuuzi mpaka chombo kilipofika mwanzo wa maili ile, ikageuka kuwa busara sekunde 20 baadaye. Na lau moyo wake ungesimama mwaka 1961, banda lote na sadaka zake lingekuwa ushahidi wa maisha yaliyopotea bure. Hakuna mtu wa ufundi atakayeyakubali haya. Aristotle alitofautisha baina ya kutengeneza, ambako mwisho wake uko nje ya kazi yenyewe, na kutenda, ambako wema wake umo mumo humo katika tendo. Kwa nje Munro alikuwa akitengeneza. Lakini chombo chake hakikupata kumalizika, na kila mwaka alikivunja ili aanze tena. Ikiwa kazi yake ilikuwa na thamani, thamani hiyo ilikuwamo bandani usiku wa kawaida wa mwaka 1938, chuma kikiwa bado chekundu na hakuna ajuaye.

Lakini anayeikubali hoja hii akubali na mwenziwe anayefuatana nayo. Ikiwa kufaulu hakukuongeza wema wa kazi, basi hakuwezi pia kulipa madeni yaliyokopwa kwa ajili yake. Wanaomsifu mtu kama huyu wamezoea kuileta kumbukumbu ya mwendo kana kwamba ni stakabadhi: ameshinda, basi amesamehewa. Stakabadhi hiyo haina saini ya mdai. Mke aliyekaa peke yake na mtoto aliyengoja hawakuwapo Bonneville kupokea malipo, na dunia haina mamlaka ya kupokea kwa niaba yao. Mapenzi ya chombo yanaweza kuwa safi, yenye subira na ukweli kuliko mengi yanayoitwa mapenzi, na bado yakaacha deni mlangoni. Mambo haya mawili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja pasipo moja kulifuta jingine, na ni wadai peke yao wanaojua kiasi.

Kanuni za Bonneville hutaka chombo kikimbizwe mara mbili, kwenda na kurudi, ndipo wastani uchukuliwe, ili upepo usimpendelee mtu. Kwa mwaka 1967 wastani wa Munro uliandikwa kuwa maili 183.586 kwa saa. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kufa kwake, mwanawe aitwaye John aliyatazama tena matokeo yale akaona kwamba hesabu ilikosewa. Chama cha wapanda pikipiki cha Marekani kikaisahihisha, wastani ukawa maili 184.087. Hesabu hiyo haisemi lolote juu ya miaka ya bandani, wala mtu asiitafsiri kuwa msamaha au kuwa madai. Tofauti yake ni nusu maili, na aliyeiona ni mtoto wa fundi, akiwa na karatasi mbele yake, akijumlisha na kugawanya.