Lipi Litangulie?

Mtu akikaa siku chache Ziwani, au popote katika pwani ya Mtwara hata kufika mlango wa mto Ruvuma, atajifunza upesi kwamba huko saa kuu si ile ya ukutani. Saa kuu ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, tena kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Hapo maji hupwa mbali, na akina mama hushuka miambani kuchokoa pweza na kuokota chaza. Mvuvi naye huyatazama maji na upepo, uwe kusi au kaskazi, kabla hajaisukuma ngalawa yake. Hakuna awezaye kuiambia bahari, “Ningojee kidogo.” Asiyewahi hukosa, na jioni watoto wake hula ugali bila kitoweo.

Shambani ni vivyo hivyo. Mikorosho ikianza kuchanua katikati ya mwaka, sharti ipigwe dawa kwa wakati wake ili ubwiriunga usiyaharibu maua. Mwezi wa Oktoba ukifika, korosho huanguka, na zisipookotwa mapema huharibika. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba watu wa huko hawajui thamani ya wakati. Wanaijua sana, kwa kuwa bahari na shamba vimewafundisha.

Lakini hapo ndipo swali letu linapoanza, nalo ni swali la kila nyumba ya Mkristu, iwe pwani, bara au mjini. Katika mambo mengi yanayotungoja kila siku, lipi litangulie?

Tukitazama vema, twaona kwamba mambo yetu ni ya namna mbili. Yako mambo yenye saa yake. Hayo hutuita yenyewe, na tukichelewa hutuadhibu siku ile ile. Ndiyo bamvua, mnada wa korosho, gari la asubuhi, kengele ya kiwandani, na siku hizi mlio wa simu ya mkononi. Na yako mambo yasiyo na saa yake. Sala haina bamvua. Mtoto anayetaka kusikilizwa na baba yake hana msimu. Mama mzee aliye peke yake kijijini haji na mnada. Ndugu tuliyekosana naye hapigi kengele ili tukapatane. Hayo yote tukiyaahirisha leo, hakuna hasara inayoonekana leo. Nasi twasema, “Kesho.” Kesho nayo ina maji yake na mnada wake, nasi twasema tena, “Kesho.”

Tazama ajabu yake: mambo hayo yanayongoja kimya ndiyo makubwa kuliko yote. Hakuna mtu anayekusudia moyoni kumwacha Mungu, wala anayeamua kumtupa mama yake. Watu wengi huwapoteza hao kidogo kidogo, wakiwa na shughuli nyingi, tena shughuli za halali. Ndiyo maana katika Misa Takatifu, tunapoungama mwanzoni, Kanisa halituachi tutaje mabaya tuliyoyatenda tu. Hutuagiza tuungame pia mema tuliyoacha kuyatenda. Mtu mwenye bidii nyingi aweza kuwa na deni kubwa sana la namna hiyo, naye hajui.

Mtwara yenyewe yatoa ushahidi kwamba pilikapilika nyingi si kazi nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, kwenye eneo la mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikakatwa, reli ikaanzwa kutoka pwani ya Kusini kwenda Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanzwa Mtwara. Kila mtu alikuwa mbioni. Lakini kazi moja iliyotakiwa kutangulia haikufanywa ipasavyo, yaani kuupima udongo na mvua kwa utulivu, na kulijaribu shamba dogo kabla ya kubwa. Kazi hiyo haikumpigia mtu kelele. Huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, na mvua hazikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Gati ya Mtwara ilikuwa tayari mwaka 1954, wakati karanga zilizongojewa hazipo tena. Reli nayo ilifungwa na kung’olewa mapema katika miaka ya 1960. Twashukuru kwamba bandari ilibaki, na leo korosho zetu hupitia humo. Lakini Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya mtu anayeanza kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Nyumba ya Mkristu nayo yaweza kuwa na matrekta mengi na kukosa mavuno.

Labda baba mmoja atatujibu: “Ninyi waandishi mwasema hivyo kwa sababu hamna njaa. Mimi nikiacha maji yapite ili nisali rozari, watoto watakula nini?” Jibu hilo ni la haki, wala Kanisa halimlaumu mvuvi anayefuata maji. Mitume wa kwanza walikuwa wavuvi. Kuwalisha watoto ni amri ya Mungu, na mtu akishika kasia kwa ajili yao amekwisha kuanza sala. Hatusemi kwamba jambo lenye saa yake lidharauliwe. Twasema kwamba jambo lisilo na saa yake sharti lipewe saa, kwa maana lisipopewa litakufa.

Hekima hiyo ni ya kale. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki wake kanuni ya maisha. Aliagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mmonaki aiache kazi iliyo mkononi mwake, hata kama haijaisha, wala asitangulize kitu mbele ya sala. Lakini katika kanuni hiyo hiyo aliagiza pia kwamba wagonjwa watunzwe kabla ya mambo yote, kama Kristu mwenyewe. Je, alijipinga? Hasha. Alijua kwamba Mungu na mnyonge ndio wasio na bamvua, akawapa wote wawili nafasi ya kwanza. Watoto wake Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni zao za Kusini kuchomwa katika vita vya Maji Maji. Leo abasia iko pale, na hospitali iko pale pale. Kengele na kitanda cha mgonjwa ni majirani. Nao jirani zetu Waislamu, walio wengi katika pwani hiyo, huipa sala saa zake tano kila siku, na wavuvi ni wengi kati yao.

Bwana wetu mwenyewe alituonyesha njia. Huko Kafarnaumu, baada ya kuwaponya wagonjwa wengi jioni, aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pasipo watu ili asali. Wanafunzi walimtafuta wakamwambia kwamba wote wanamtaka. Hakurudi. Alisema yampasa kwenda vijiji vingine kuhubiri, maana kwa ajili hiyo alikuja. Alijua lililo lake. Hata hivyo, alipokuwa akienda kwa haraka nyumbani kwa Yairo, alisimama njiani kwa ajili ya mama mmoja mgonjwa aliyeligusa vazi lake. Utaratibu wake ulikuwa imara, lakini haukuwa jiwe. Alisimama kwa ajili ya mtu.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye nini? Kwanza, kila nyumba iweke saa moja ndogo ya sala ambayo haisogezwi na kitu. Kwa wafuatao maji na iwe ni wakati wa kula pamoja, usiku au mchana, maana chakula hakikosi kuwakutanisha. Pili, korosho zinapouzwa, kabla ya fedha kupita kwenye nguo na ngoma, baba na mama wakae pamoja watenge ya shule ya Januari na ya wazee wao. Fedha hunena kwa sauti kubwa siku ya kwanza, na mwezi wa tatu huwa bubu. Tatu, usiku kabla ya kulala, kila mtu asijiulize tu, “Leo nimefanya mengi?” Ajiulize, “Leo ni nani aliyeningojea kimya?” Na kesho yake amwanze huyo.

Maji yatajaa tena kesho, na bamvua itarudi mwezi ujao. Mama mzee hana ahadi ya kurudi. Mtoto wa miaka saba atakuwa wa miaka saba mwaka huu tu. Na siku ile Bwana atakapokuja, hatatuuliza tulikuwa na shughuli ngapi. Atatuuliza juu ya mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa, ambao wote walikuwa wakitungoja.